Shaba Iliyolala Chini ya Uwanja

Majuma machache kabla ya mahafali yaliyopita, mwanafunzi wa mwaka wa nne alisimama mlangoni mwa ofisi yangu, macho yamemwiva. Jina lake halikuwamo katika orodha ya wahitimu kwa kuwa alama za somo moja hazikuonekana. Alama zenyewe zilikuwapo, katika tarakilishi ya idara yetu. Ofisi ya mitihani iko ng'ambo ya uwanja, yapata mita mia nne, nayo ina mtandao wake kama sisi tulivyo na wetu. Mitandao hiyo miwili haijuani. Alama husafirishwa kwa miguu, katika kifaa kidogo mfukoni mwa karani, na safari hii kifaa kiligoma kufunguka.

Tulipolalamika, tuliambiwa kwamba dawa ni kuchimba mtaro na kuzika nyuzi za kioo, na kwamba fedha hazipo. Jawabu hilo naliona kuwa nusu ya ukweli. Chini ya uwanja uo huo zimelala nyaya za shaba za simu za mezani, na tangu wahadhiri wakumbatie simu za mkononi, jozi nyingi za nyaya hizo hazina kazi.

Mhandisi atanikosoa kwamba waya wa kawaida wa mtandao hauvuki mita 100. Ni kweli. Hata hivyo, mwaka 2004 jumuiya ya wahandisi ya IEEE iliidhinisha kanuni zilizokusudiwa nyaya za simu hasa: moja hupitisha megabiti 10 kwa sekunde hadi mita 750, nyingine megabiti 2 hadi mita 2,700. Yahitajika jozi moja isiyopitia katika mtambo wa simu wa chuo, na kifaa kimoja kila upande. Alama za darasa zima ni faili ndogo mno. Zitavuka uwanja kabla karani hajafunga mlango.

Sisi wa isimu husema kuwa mawasiliano yahitaji msimbo na mkondo. Msimbo tunao, maadamu tarakilishi zetu zote hufuata kanuni zile zile za mtandao. Tulichokosa ni mkondo.

Sidai kwamba shaba ni sawa na kioo. Maji hupenya kwenye viungio vyake, na radi ikipiga jengo moja, waya huweza kuifikisha kwa jirani. Vikinga radi ni lazima pande zote mbili. Aidha, mitandao isichanganywe hivi hivi kama mchuzi wa vyungu viwili. Iwekwe ruta katikati, yenye masharti makali, ili aliye katika maabara ya lugha asifikie faili za mitihani. (Nawafahamu wanafunzi wangu, wangejaribu.)

Nimewaandikia wakuu wa chuo nikiomba jozi mbili tu zipimwe wakati wa likizo. Bado sijajibiwa. Mwanafunzi yule naye angali anasubiri mahafali yajayo, na kazi aliyoahidiwa imekwisha kupewa mwingine.