Plagi Ndogo ya Batri: Usiidharau!



Kobalti tunayochimba inasafiri mbali, kisha inaturudia nyumbani ndani ya batri. Batri nyingi za lithiamu za ndege na magari ya kuchezea, yale yanayoongozwa kwa redio, zina kobalti. Ni nyepesi na zina nguvu nyingi. Lakini zikitumiwa vibaya huwaka moto, na moshi wake ni sumu.

Tazama batri hiyo vizuri. Ina nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, zinazopeleka umeme kwenye mota. Kando yake kuna plagi ndogo yenye nyaya nyembamba. Wengi hawajui kazi yake. Ikivunjika, wanachaji kwa nyaya nene peke yake. Hapo ndipo hatari inapoanza.

KAZI YAKE NI NINI?

Ndani ya batri mna seli zilizofungwa kwa mfuatano. Seli moja ya kawaida ikijaa ina volti 4.2, wala isizidi hapo. Seli 3 zilizojaa zina jumla ya volti 12.6. Lakini seli mbili zikiwa na 4.1 na ya tatu 4.4, jumla ni ile ile: 12.6! Chaja isiyofungwa plagi ndogo huona jumla tu. Haioni seli iliyozidiwa. Kwa plagi ndogo, chaja hupima kila seli na kuzisawazisha.

KUITAMBUA

Hesabu nyaya zake, toa moja: hiyo ndiyo idadi ya seli. Nyaya 4, seli 3. Kisha pima kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini ya jirani. Aina ya XH, inayoonekana sana, ina milimita 2.5. Aina ya PH ina milimita 2. Aina ya EH nayo ina 2.5, lakini umbo lake ni lingine. Plagi inayokataa kuingia si yake. Usiilazimishe.

KUIBADILISHA

Batri iliyovimba au kutoboka haitengenezwi. Iache kabisa. Kama batri ni nzima, fuata haya:

1. Fanya kazi juu ya saruji, mbali na nguo, godoro na mafuta. Vua pete na saa.

2. Andika mpangilio wa nyaya. Usiamini rangi, pima kwa multimeta. Ukianzia waya wa hasi, kila waya unaofuata huongeza volti za seli moja. Batri ya seli 3 yenye nusu ya chaji huonyesha karibu 3.8, kisha 7.6, kisha 11.4.

3. Kama plastiki tu imevunjika, bonyeza kiulimi cha pini kwa ncha nyembamba, vuta waya mmoja, uuingize papo hapo kwenye plagi mpya, nafasi ile ile. Ndipo uende kwa wa pili. Ncha isiguse pini mbili.

4. Kama nyaya zimeharibika, usizikate zote pamoja! Chuma cha mkasi huziunganisha, na cheche huruka. Kata mmoja, unga wa plagi mpya, lehemu, funika kwa tepu ya umeme. Kisha mwingine.

5. Pima tena kila seli kabla ya kufunga chaja. Hesabu isipokubali, usichaji.

Wazazi, kazi hii si ya mtoto. Asiyejua kutumia multimeta ampe fundi wa umeme. Wala msichaji chini ya kitanda, au usiku watu wakilala. Moto ukiwaka, toeni watu kwanza, msivute moshi.

Batri hununuliwa nyingine. Mtoto hanunuliwi.

WAYA MMOJA, KISHA MWINGINE: NDIO USALAMA!