Kawia Ufike: Habari za Meja Poore

Wengi wetu hudhani kwamba mchezaji hodari huzaliwa hivyo, na kwamba aliyekosa kufundishwa utotoni hana tena nafasi. Nami nilidhani hivyo, maana tangu Kidato cha Kwanza sijapata kuchaguliwa katika timu yoyote ya bweni letu. Kisha nikasoma habari za Meja Robert Poore wa jeshi la Uingereza.

Poore alizaliwa Dublin, Ireland, mwaka 1866, zama za Malkia Victoria. Aliingia jeshini, akapelekwa Bara Hindi. Huko ndiko alikoshika kriketi kwa bidii, akiwa tayari ni mtu mzima, kwa kusoma vitabu vya mchezo huo na kuyajaribu uwanjani yale aliyoyasoma.

Mwaka 1896 alikuwa Afrika Kusini, akachaguliwa kuichezea nchi hiyo mechi tatu dhidi ya Uingereza. Walishindwa zote. Katika mechi ya kwanza, mjini Port Elizabeth, zamu yao ya pili timu nzima ilitolewa kwa mbio 30 tu. (Mbio katika kriketi huhesabiwa kama mabao katika mpira.) Mtu mwingine angaliweka gongo chini.

Poore hakuliweka. Mwaka 1899, akiwa na miaka 33, kazi za jeshi zilimpa nafasi ya kuichezea Hampshire. Tangu tarehe 12 Juni hadi 12 Agosti alipata mbio 1,399, na mara saba alifikisha mia au kupita. Mwezi wa Julai, huko Taunton, walipambana na Somerset. Poore alipata mbio 304, na mwenziwe Kapteni Wynyard, askari kama yeye, 225. Wawili hao waliongeza mbio 411 kabla ya kutenganishwa. Hakuna mchezaji wa Hampshire aliyeipita ile 304 mpaka mwaka 1937.

Hata hivyo, yafaa tuseme kweli yote. Poore alikuwa mchezaji wa ridhaa, asiyelipwa mshahara kwa kucheza. Siku zile wachezaji wa ridhaa waliitwa mabwana. Waliolipwa walikuwa na vyumba vyao mbali, na penginepo hata lango lao. Ubaguzi huo ulifutwa mwaka 1962 tu. Basi bidii ilikuwa yake, lakini nafasi alipewa na cheo chake pia.

Oktoba 1899 vita vya Makaburu vilianza. Poore akaenda, akawa mkuu wa polisi wa jeshi. Baadaye alicheza tena mara chache, lakini msimu kama ule haukurudi. Alipanda hadi kuwa Brigedia Jenerali, akafariki mwaka 1938.

Miezi miwili tu, ndugu zangu, baada ya miaka mingi ya kujifunza! Muhula huu nimeandika jina langu katika orodha ya timu ya bweni. Huenda nisichaguliwe, lakini wahenga walisema: kawia ufike.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne