Kuitafuta Kilwa katika vichochoro vya Lisbon

Mgeni ni kipofu ingawa ana macho, walinena wahenga. Sikupata kuujua ukweli wa kauli hiyo hadi siku nilipojikuta nimesimama penye njia panda ya ngazi tatu katika mtaa wa Alfama, mjini Lisbon, ramani ya karatasi mkononi, nisijue pa kupandia wala pa kushukia. Nilikuwa nimekwenda Ureno kuhudhuria kongamano la wanaisimu, na siku mbili zilizobakia kabla ya kurejea Nairobi niliazimia kuzitumia kama mtalii yeyote yule. Hata hivyo, nilikuwa na haja yangu moja ya siri, ambayo nitamfunulia msomaji punde.

Lisbon ni mji wa vilima. Mahali ambapo ramani huonyesha mwendo wa dakika tano, miguu hugundua mpando wa robo saa. Njia zake zimetandazwa vijiwe vidogo vidogo, vyeupe na vyeusi, vinavyopendeza macho lakini huteleza kama vilivyopakwa samli mvua inaponyesha. Aliye na viatu vya soli laini na ajihadhari. Sehemu ya bondeni, iitwayo Baixa, ni tambarare, na barabara zake zimenyooka mithili ya mistari ya daftari, kwa kuwa ilijengwa upya baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 1 Novemba 1755, lililofuatwa na mawimbi makuu na moto. Alfama ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana vichochoro vyake vingali vinapinda na kujikunja kama vile vya Mji wa Kale wa Mombasa. Wala hili si la kustaajabisha: Lisbon ulikuwa chini ya watawala Waislamu kwa zaidi ya karne nne, hadi mwaka wa 1147, na jina lenyewe Alfama limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji moto. Msomaji alijuaye neno letu hamamu atautambua mzizi huo mara moja.

Watalii wengi huuzunguka mji huu kwa tramu nambari 28, kigari cha rangi ya manjano chenye viti vya mbao, ambacho hupanda vilima kikilalamika kama mzee mwenye baridi yabisi. Nilikisubiri karibu saa nzima. Nilipopanda nilisimama nimebanwa kama dagaa, nikayaona makwapa ya wenzangu kuliko nilivyouona mji, huku mkono wangu mmoja ukilinda pochi, maana wachopozi nao huipenda sana njia hiyo. Kuna pia vigari vya kebo vya kupandisha watu vilimani. Watu walivipanda bila hofu miaka nenda miaka rudi, hadi tarehe 3 Septemba 2025, kebo ya kile cha Glória, kilichoanza kazi mwaka wa 1885, ilipokatika na watu 16 wakafariki. Nasaha yangu ni kwamba mtu apande kwa gari na kushuka kwa miguu.

Msemaji wa Kiswahili, hata hivyo, hawi mgeni kamili huko. Mkahawani nilionyeshwa mesa, nami nikaketi mezani. Juu ya jumba la serikali ilipepea bandeira. Dirishani mwa duka moja palitundikwa lenço, vitambaa vya kichwani ambavyo ndivyo babu wa leso wanazojifunga mama zetu wa pwani. Hata jina Mreno tumelitoa katika neno lao la ufalme, reino. Neno lililonishughulisha zaidi lilikuwa igreja, ambalo niliona limeandikwa penye milango ya makanisa. Kwao ni nyumba ya ibada. Kwetu limekuwa gereza. Wanafunzi wangu hucheka kila ninapowaeleza asili hiyo, na huwa nawaambia kwamba maneno hayabadiliki maana bila sababu. Ngome iliyoko Kilwa Kisiwani, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1505, huitwa Gereza mpaka leo.

Na Kilwa ndiyo iliyokuwa haja yangu. Mwaka wa 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alitia nanga Kilwa, akamtishia mtawala wa mji, Amir Ibrahim, kwamba angeupiga mji mizinga iwapo hangekubali kumlipa kodi mfalme wa Ureno. Kodi ikatolewa kwa dhahabu. Mfalme Manuel aliamuru dhahabu hiyo itengenezwe monstransi, chombo ambacho Wakatoliki hukitumia kuonyeshea Ekaristi Takatifu, na kazi hiyo ikakamilika mwaka wa 1506. Nilikuwa nimesoma habari hizi tangu nikiwa mwanafunzi. Nilitaka kukiona chombo chenyewe kwa macho yangu.

Mpokea wageni wa hoteli, kijana mwenye adabu nyingi, hakupata kukisikia. Alichora duara katika ramani yangu: Belém. Nikaenda Belém, kwa tramu nambari 15, ambayo ni ndefu na ya kisasa. Baada ya foleni ndefu juani niliingia katika kanisa la watawa wa Jerónimos, ambalo ujenzi wake, ulioanza mwaka wa 1501, ulilipiwa kwa sehemu na ushuru wa asilimia tano uliotozwa biashara ya Afrika na Mashariki. Uzuri wake siwezi kuukana. Nguzo zimechongwa zikapanda juu kama minazi. Karibu na mlango yumo Vasco da Gama, amelala katika jeneza la mawe, mikono imekutanishwa kama aombaye. Nilisimama pale muda mrefu nisijue nifanye nini na mikono yangu. Kando yangu kiongozi wa watalii alikuwa akilieleza kundi lake jinsi bahari hii na miji ile ilivyogunduliwa. Mimi mtu wa maneno, na kitenzi hicho kilinichoma. Malindi ilikuwa na mfalme wake, misikiti yake na wafanyabiashara wa kutoka Bara Hindi. Nani aligundua nani?

Kesho yake niliamka mapema kulitafuta Jumba la Kitaifa la Sanaa ya Kale, lililoko katika mtaa wa Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani. Liko kati ya mji na Belém, na tramu nyingi za watalii hulipita tu. Nilishuka kituo kisicho chenyewe, nikapanda ngazi, nikateremka nyingine, hatimaye nikaguta peke yangu, "Lahaula! Nimepotea!"

Mzee mmoja Mwafrika aliyekuwa ameketi kituoni aligeuka. "Umepotea wapi, mwanangu?" akauliza, kwa lugha ambayo nusu yake nilijua na nusu nikaikisia. Alikuwa Mmwani, mzaliwa wa kisiwa cha Ibo, kaskazini mwa Msumbiji. Kimwani ni jirani wa karibu wa Kiswahili, na mwalimu wa isimu kukipata kituoni katika mji wa Ulaya ni sawa na mvuvi kuokota lulu. Nilisahau njia, tukazungumza. Alikuwa amefanya kazi ya usafi katika mitaa ile kwa miaka zaidi ya ishirini.

"Jumba lile nalijua," alisema. "Nimefagia mlangoni pake. Ndani sijaingia."

Nikamwomba twende pamoja, nami nikalipa tiketi mbili.

Chombo chenyewe hakifiki urefu wa mita moja, lakini humfanya mtu anyamaze. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka kioo cha kati, nyuso na nguo zao zimetiwa rangi, na juu yao dhahabu imesokotwa kama vilele vya kanisa. Penye kitako pamezungushwa maandishi. Mzee, anayekijua Kireno kuliko mimi, aliyasoma maelezo yaliyobandikwa kando yake polepole, kidole kikifuata mstari, mpaka alipofika penye neno Quiloa.

"Kilwa," akasema. Kisha akalirudia tena. Bibi yake, aliniambia, alikuwa akiutaja mji huo katika hadithi, naye utotoni alidhani ni mji wa hadithini tu.

Tulipotoka alinishika mkono, akanionyesha basi la kunirudisha mjini. Halafu akaniuliza jinsi ya kufika Kilwa. Nikaigeuza ramani yangu ya Lisbon, nikamwandikia nyuma yake: Dar es Salaam kwanza, kisha basi la kusini hadi Kilwa Masoko, na pale gatini aulizie mashua ya kuvukia Kisiwani.

Akaikunja mara nne, akaitia katika mfuko wa shati.