Kunja Waya Kabla ya Kuukata

Fundi wa redio wa Kasongo anaweza kusimamisha antena ya fimbo uani kwake, akapiga Morse jioni, akajibiwa na mtu wa Italia, kisha akashindwa kabisa kumpata mwenzake wa Kabambare. Wengi wakipatwa na hilo huilaumu redio, au betri, au milima. Redio ni nzima. Tatizo ni ile fimbo, na fimbo ilichaguliwa kwa sababu inayoeleweka: kiwanja ni kidogo, na fimbo haili nafasi.

Kusini mwa jimbo la Maniema, foni, yaani redio ya kuitana, si kitu kigeni. Kabla ya minara ya simu, na hata leo pale minara isipofika, zone za afya, misheni na mashirika ya misaada wamekuwa wakiitana kwa mawimbi mafupi, na gari lenye fimbo nene mbele ya kioo ni jambo ambalo mtoto yeyote wa barabara ya Kabambare amewahi kuliona. Redio ya ridhaa hufuata fizikia ile ile, ila wanaoitumia ni watu binafsi wenye leseni, wasiofanya biashara wala kutangaza, wanaozungumza kwenye masafa waliyotengewa kimataifa. Wa Kongo alama zao za wito huanza na 9Q. Hawana bajeti ya shirika wala uwanja wa misheni. Wana lupango lenye nyumba, jiko, choo, na jirani upande wa pili wa ua.

Kutoka Kasongo hadi Kabambare ni kama kilomita 120 ukipima kwa mstari ulionyooka. Umbali huo ni wa kati, na mawimbi hayaupendi. Redio ndogo za mkononi hutaka zionane, au karibu zionane, kwa hiyo kilima cha kwanza huzimaliza. Wimbi fupi linalotambaa juu ya ardhi nalo humezwa na misitu na mabonde kabla ya kufika nusu ya safari. Inabaki njia ya angani: tabaka la ionosfia, lililo kilomita mia mbili na hamsini hadi mia nne juu yetu, ambalo hurudisha mawimbi chini. Sasa, antena ya fimbo iliyosimama wima hutupa nguvu yake kuelekea upeo wa macho na karibu isitupe chochote utosini. Wimbi hupanda kwa mlalo, hugonga tabaka mbali sana, na kushuka mamia ya kilomita kutoka lilikoanzia. Kinshasa, iliyo kama kilomita 1,250 kutoka Kasongo, italipata. Kabambare limeirukia juu.

Anayetaka kusikika Kabambare lazima arushe wimbi karibu wima, kama mtu anayedundisha mpira kwenye dari ili umwangukie aliye nyuma ya ukuta. Kwa njia hiyo hakuna kilima kinachozuia, maana wimbi linatoka juu. Kinachofanya kazi hiyo ni waya uliolazwa, tena usioinuliwa sana.

Hapa jiografia inatupendelea, na sijui kwa nini jambo hilo halisemwi mara nyingi zaidi. Ikweta ya sumaku ya dunia si ile ya kwenye ramani. Barani Afrika inapita kaskazini zaidi, karibu nyuzi 10 kaskazini. Mchana, juu ya mstari huo, umeme wa angani huinua elektroni, nazo huteremka kufuata mistari ya sumaku pande zote mbili na kurundikana katika mikanda miwili, kila mmoja kama nyuzi 15 za kisumaku kutoka kwenye ikweta hiyo. Kasongo, iliyo nyuzi nne na nusu kusini, iko jirani na mkanda wa kusini. Matokeo yake ni kwamba anga letu la mchana ni zito. Kule Ulaya ya kaskazini, miaka ambayo jua limetulia, wimbi la megahezi 7 likirushwa wima hutoboa tabaka na kupotea, na watu hulazimika kushuka hadi megahezi 5 au 3.6. Huku, sehemu kubwa ya mchana, megahezi 7 hurudi bila shida.

Hilo lina uhusiano gani na ukubwa wa kiwanja? Uhusiano wa moja kwa moja. Antena ya msingi ya waya ni nusu ya urefu wa wimbi, na kwa waya halisi unaipata kwa kugawa 143 kwa megahezi. Kwa 3.6 unahitaji karibu mita 40. Kwa 7.1 unahitaji mita 20. Anga la ikweta limekupunguzia waya kwa nusu kabla hujatoa hata faranga moja.

Mita 20 bado zinaogopesha, lakini tuzipime. Kiwanja cha mita 15 kwa 20 kina mita 25 kutoka pembe hadi pembe. Simamisha mwanzi wa mita 6 au 7 katikati, au tumia mwembe kama upo, fungia hapo katikati ya waya, kisha teremsha mikono miwili ya mita 10 kila mmoja kuelekea pembe zinazotazamana, ncha zikiishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Umbo hilo la V iliyopinduliwa linakula kama mita 18 za ardhi. Ukinzani wake pale kebo inapoungwa huwa karibu na omu 50, ambazo ndizo redio inazitaka. Wanaosema antena lazima iwe juu sana wanazungumzia antena ya kufika mbali. Kwa kazi ya Kabambare, mita 6 zinatosha vizuri. Ukipandisha waya hadi mita 20 utaanza kumpoteza yule yule uliyemtaka. Chini ya mita 3, kwa upande mwingine, udongo utakula nguvu.

Na kama hata hizo mita 18 hazipo? Kabla hujakimbilia kununua kitu kifupi, kunja. Mkondo wa umeme kwenye waya wa nusu wimbi haulingani kila mahali: ni mkubwa katikati na unapungua hadi sifuri kwenye ncha, na kinachorusha wimbi ni mkondo. Nusu ya waya iliyo katikati, yaani mita 5 za kwanza za kila mkono, hufanya asilimia 71 ya kazi. Mita 5 za mwisho zipo hasa ili kukamilisha urefu, kwa hiyo unaweza kuzining'iniza chini, kuzipitisha kwenye ukingo wa ua, hata kuzipinda zote upande mmoja, na hasara yake ni ndogo mno kwa sikio la Kabambare. Sehemu iliyonyooka imebaki mita 10. Waya wa umeme wa nyumba, wa milimita za mraba 2.5, unafaa kabisa. Anza na mkono mrefu kidogo kuliko hesabu, na badala ya kukata, rudisha ncha nyuma na kuizungushia waya wenyewe mpaka kipimo cha mawimbi yanayorudi kishuke; siku ukihama utaushukuru ule waya ambao hukuukata. Kumbuka tu kwamba pale mkondo unapokuwa sifuri volti ndizo zinazopanda. Ncha ya waya wa wati 100 inaunguza. Mtoto asiifikie, wala mbuzi.

Wapo ambao hata mita 10 hawana: aliyepanga chumba kimoja kwenye ua wa watu wengi, au mwenye baraza tu. Kwao kuna kitanzi: bomba la shaba lililopindwa duara, na kondensa ya kubadilishwa ikiunga ncha zake mbili. Kinapendwa sana duniani kwa sababu kinakaa juu ya kiti. Mimi nakiheshimu, lakini wanaokiuza hawapendi kutaja hesabu yake, na hesabu yenyewe ni hii. Uwezo wa kitanzi kidogo kurusha wimbi hukua kwa mzingo wake ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Chukua kitanzi cha kipenyo cha mita 1, bomba la milimita 22, kwenye megahezi 7.1. Ukinzani wake wa kurusha ni omu 0.006. Ukinzani wa shaba yenyewe, ambao kazi yake ni kugeuza nguvu kuwa joto, ni kama omu 0.03. Kwa hiyo katika wati 100 ulizotia, 16 ndizo zinazoondoka, na hizo ni kwa kondensa isiyopoteza chochote, ambayo haipo. Sasa fanya kipenyo kiwe mita 2. Ukinzani wa kurusha umepanda mara kumi na sita, wa shaba umeongezeka mara mbili tu, na wati zinazoondoka zinakaribia 60. Au kiache kitanzi cha mita 1 kama kilivyo na upande hadi megahezi 14.2: utapata kama 68. Mita moja ya ziada ina thamani kubwa kuliko redio yenye nguvu maradufu.

Ndiyo maana kiungo kibovu ni kifo cha kitanzi. Omu 0.03 ni kidogo kiasi kwamba bolti moja yenye kutu inaweza kuzidisha hasara mara kadhaa. Ukiwa na wati 100, kitanzi cha mita 1 huzungusha zaidi ya ampea 50, na kwenye kondensa kuna volti zinazopita 5,000. Viungo vichomelewe, visibanwe. Kondensa ya redio ya zamani ya kusikilizia itarusha cheche papo hapo. Kwa wati 5 au 10 huenda ikavumilia. Mtumiaji akae mita mbili au tatu mbali wakati wa kutuma. Na kila ukisogeza masafa kidogo lazima uirekebishe kondensa upya, kwa kuwa upana wa kitanzi ni kilohezi chache tu, zinazotosha sauti moja ya mtu na si zaidi.

Kwa upande wa sifa, kitanzi kilichosimama wima, tofauti na fimbo, hurusha pia kuelekea utosini, kwa hiyo Kabambare haijasahauliwa. Tena hakitaki urefu: mita moja na nusu kutoka chini inatosha. Na kikizungushwa taratibu huweza kuzima kelele inayotoka upande mmoja, jambo la maana siku hizi ambapo kila nyumba ina paneli ya sola, na vidhibiti vya chaji vya bei nafuu hutoa mlio unaofunika sauti dhaifu. Kabla ya kulaumu antena, chomoa kidhibiti cha sola kwa dakika moja usikie tofauti.

Kuhusu antena fupi za dukani zenye koili, nitakuwa mfupi kama zenyewe. Koili ikiwekwa kwenye waya wa mita 10 uliolazwa, inafanya kazi ya heshima. Ikiwekwa kwenye fimbo ya mita mbili na nusu, nguvu nyingi huishia kupasha koili na udongo. Madereva wa mashirika walishalijua hilo kwa njia yao: fimbo ya gari ikivutwa na kufungwa kwa kamba ilale, matawi hayaivunji, na mji wa karibu husikika vizuri zaidi. Mabati ya paa nayo yana pande mbili. Waya ulio mita tatu au nne juu yake hauna neno. Waya uliolazwa shubiri moja juu ya bati ni kama haupo.

Saa nazo zina sheria yake. Megahezi 7 kwa jirani ni kazi ya mchana. Usiku wa manane na kabla ya alfajiri tabaka hupungua nguvu, na wimbi lile lile litamrukia jirani na kwenda mbali. Miadi ya saa tatu hadi saa tano asubuhi ndiyo ninayoipendekeza, kabla mawingu ya alasiri hayajaleta kelele zake. Kwa dharura, mahali pa kusikiliza katika kanda yetu ya kwanza ya kimataifa ni kilohezi 7110. Masafa ya foni za zone za afya ni mengine na yana wenyewe. Mwenye 9Q hayagusi. Leseni ni suala la ARPTC, mamlaka ya mawasiliano ya Kongo, na kwenye eneo lililopitiwa na makundi yenye silaha, waya mpya juu ya mwanzi utaulizwa maswali na kila mtu. Karatasi iwepo nyumbani, na chifu wa mtaa awe ameiona kabla mwanzi haujasimama.

Yale mawingu hayaleti kelele tu. Utafiti wa setilaiti uliochapishwa mwaka 2016 uliitaja Kampene, ambayo iko Maniema hii hii, kama kilomita 95 kaskazini mwa Kasongo, kuwa ya tatu duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela na Kabare ya Kivu Kusini: kama miali 177 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Kwa hiyo swichi ya kuzima haitoshi. Kebo ichomolewe kwenye redio kila unapomaliza, hata kama mbingu ni nyeupe, na ncha yake itolewe dirishani na kuachwa nje, ikiwa imeungwa na nondo iliyopigwa ardhini, mbali na ukuta. Fimbo, waya au kitanzi, hapo hakuna tofauti.