Utafiti wa kilimo umekosa mjumbe

Shangazi yangu hukaa upande wa kusini wa Machakos, mahali ambapo mtu akipanda matatu asubuhi hufika kituo cha utafiti cha Katumani kabla jua halijawa kali. Mwezi wa Oktoba mwaka wa 2021, vuli ilipokaribia, alipanda mbegu ya mahindi aliyoletewa na mwanawe afanyaye kazi Kitale. Kijana yule alikuwa ameona huko mahindi marefu, yenye punje zilizojaa hadi ncha, akaona ni wajibu wake kumfaidi mama yake. Mvua ilinyesha majuma machache, kisha ikakatika. Mimea ilifika kimo cha kiuno ikanyauka kabla ya kutoa mbelewele.

Simlaumu binamu yangu, wala shangazi simlaumu hata chembe. Mbegu ile haikuwa mbovu. Ilikuwa mbegu bora iliyotengenezewa mahali pengine, nyanda za juu ambako mvua hudumu na mhindi hupewa fursa ya kukaa shambani miezi sita au zaidi. Ukambani, vuli njema huipa mimea miezi miwili, ikizidi sana mitatu. Jina la Katumani shangazi analijua. Nani asiyelijua pande zile? Ila kwake yeye ni jina la mahindi madogo ya zamani, ambayo mtu akipata makubwa huyaacha. Katika msimu ule hapakuwa na mtu wa kumwambia maneno manne tu: mama, hii ya Kitale. Waama, penye miti hapana wajenzi.

Kisa hiki kimenifanya nitafakari upya swali ambalo tumezoea kuliuliza vibaya. Kila ukame unapotupiga, husikika wito kwamba wanasayansi wetu watafute mbinu mpya za kuilisha nchi hii wakati tabianchi inabadilika. Ni kana kwamba wataalamu hao wamekuwa wamelala. Ukweli ni kwamba wamefanya kazi kubwa, na sehemu nzuri ya kazi hiyo ilianza kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Mwaka wa 1964 kituo cha Kitale kilitoa mahindi chotara yaliyoitwa 611, yaliyopatikana kwa kuoanisha mahindi ya Kitale na mengine yenye asili ya Ecuador. Mavuno ya nyanda za juu yakapanda, na mkulima mdogo akaifuata mbegu hiyo kwa hamu sawa na mwenye shamba kubwa. Huko Katumani watafiti walikuwa na kazi ya namna nyingine. Wao hawakutafuta hindi zito kupita yote. Walitafuta hindi litakaloukimbia ukame, yaani litakalotoa maua mapema na kukomaa kabla udongo haujakauka. Matokeo yake ni Katumani Composite B, mahindi ya miezi mitatu au minne hivi, ambayo si chotara, na kwa hiyo mkulima anaweza kuhifadhi sehemu ya mavuno yake kuwa mbegu ya msimu ujao.

Hapo penye kuhifadhi mbegu pana siri ambayo mwalimu wa sayansi anaweza kuifundisha kwa somo moja. Chavua ya mhindi hupeperushwa na upepo. Mkulima akichukua mbegu zake kutoka pembezoni mwa shamba lililopakana na la jirani mwenye aina nyingine, baada ya misimu kadhaa mbegu yake hupoteza sifa zake. Ile kasi ya kukomaa hupungua, na mkulima husema mbegu imezeeka. Anayechagua mahindi ya katikati ya shamba, kutoka kwa mimea mingi yenye afya, huidumisha mbegu yake kwa muda mrefu zaidi. Maarifa haya hayahitaji fedha. Yanahitaji mtu wa kuyasema.

Nayo haja ya kuyasema imekuwa kubwa kuliko zamani. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, mvua ilikosekana au ikapungua misimu mitano mfululizo katika mashariki na kaskazini mwa nchi yetu, Somalia na kusini mwa Ethiopia. Kundi la wanasayansi liitwalo World Weather Attribution lilieleza mwaka wa 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yaliongeza uwezekano wa ukame kama huo kwa kiasi cha mara 100 au zaidi. Haukupita muda, masika ya 2024 ikaleta mafuriko yaliyoua watu na kusomba mashamba. Mkulima aliyerithi kalenda ya babake sasa anasoma kitabu ambacho kurasa zake zimechanganywa.

Tuvuke hadi Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, tuone mfano mwingine. Huko kuna kituo cha taasisi ya ICIPE, iliyoasisiwa mwaka wa 1970 na Profesa Thomas Odhiambo, mwana wa nchi hii aliyeamini kwamba Afrika lazima iwe na wataalamu wake wa wadudu. Katika miaka ya 1990, Dkt Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walibuni mbinu iitwayo vuta-sukuma. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa mmea wa jamii ya kunde uitwao desmodiamu. Kuzunguka shamba hupandwa nyasi za nepia. Nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua huvutiwa na nepia, wakataga mayai huko, na viwavi wengi wanaoanguliwa hawaishi. Desmodiamu nayo hurutubisha udongo kwa naitrojeni, hufunika ardhi isikauke, na mizizi yake hutoa kemikali zinazolizuia gugu la kiduha, ambalo Waluo huliita kayongo. Gugu hilo hunyonya mizizi ya mahindi, na mbegu zake, ndogo kama vumbi, hukaa ardhini miaka zaidi ya kumi zikisubiri. Mimea yote miwili ni lishe ya ng'ombe. Ukame ulipozidi, watafiti wakaongeza aina zinazostahimili ukavu: nyasi za brakiaria badala ya nepia, na desmodiamu nyingine yenye majani ya kijani.

Wanafunzi wangu wa sayansi nawaomba watue hapa kidogo. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba desmodiamu hufukuza nondo kwa harufu yake. Katika miaka ya karibuni watafiti wengine wameihoji hoja hiyo, wakaonyesha kwamba vinyweleo vya mmea huo hunasa na kuua viwavi. Mjadala haujafungwa. Mkulima wa Siaya anavuna huku wataalamu wakibishana kuhusu sababu, na hilo si aibu kwa sayansi.

Lakini nisimpambe mtafiti kupita kiasi, kwa maana naye kuna mambo ambayo hakuyasikia kwa sababu hakuna aliyempelekea. Chukua mtama. Kwa miongo kadhaa wakulima wa maeneo kame wameambiwa waache mahindi wapande mtama, kwani huvumilia ukame. Kwa kipimo cha maji ushauri huo ni sahihi kabisa. Lakini mwulize mama wa Kitui atakwambia kwamba hindi limevaa nguo na mtama uko uchi. Punje za mtama ziko wazi juu ya suke, na kweleakwelea wakitua kwa maelfu, shamba humalizwa kwa siku chache. Zamani watoto ndio waliokuwa walinzi, wakikaa juu ya vilingo tangu alfajiri na makombeo mikononi. Mwaka wa 2003 elimu ya msingi ikawa bila malipo, watoto wakaenda darasani, kama ilivyostahili, na mtama ukabaki bila askari. Aliyemwona mkulima kuwa mkaidi kwa kung'ang'ania mahindi hakuwa amehesabu ndege, wala hakuwa amehesabu shule.

Mjumbe ninayemzungumzia, basi, ana safari mbili: kwenda na kurudi. Zamani alikuwepo. Sisi wa umri wangu tunamkumbuka afisa wa kilimo wa nyanjani, mwenye pikipiki na viatu vya vumbi, aliyejua ni nani katika kata ana mbuzi mgonjwa na ni nani amepanda kwa kuchelewa. Hakuwa malaika, wapo walioonekana kwa wenye ng'ombe wa gredi tu, wakapita milango ya maskini. Hata hivyo alikuwepo. Mipango ya kurekebisha uchumi ya miaka ya 1980 na 1990 ilipoilazimu serikali kupunguza watumishi, waliostaafu hawakujazwa nafasi zao.

Ugatuzi ulipoanza mwaka wa 2013, mambo yakachukua sura nyingine. Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti kazi ya kilimo cha mimea na mifugo, na kwa hiyo afisa wa nyanjani akawa mtumishi wa gavana. Utafiti ukabaki kwa serikali kuu, chini ya shirika la KALRO lililochukua nafasi ya KARI. Sina ugomvi na ugatuzi. Lakini anayegundua na anayepeleka habari sasa wana waajiri wawili, bajeti mbili na mabosi wawili. Bajeti ikibanwa, kila upande huona kwamba safari ya kutoka maabara hadi shambani ni mzigo wa mwenzake. Kaunti hufurahia kugawa mbegu na mbolea mbele ya kamera, kwa kuwa gunia huonekana. Mshahara wa afisa haupigwi picha.

Rai yangu ni kwamba kila mradi wa utafiti unaolipwa na umma utengewe tangu mwanzo fungu la kuwafikishia wakulima matokeo yake, na kwamba fungu hilo lisimamiwe na kituo pamoja na kaunti kilipo. Aidha, matokeo hayo yaandikwe kwa Kiswahili, na pale inapowezekana kwa lugha za wenyeji. Ripoti nyingi za vituo vyetu huandikwa kwa Kiingereza, zikasomwa na wataalamu wengine na wafadhili. Mkulima ambaye shamba lake lilitumika kwa majaribio huenda asijue hata kilichogunduliwa humo.

Nanyi walimu, mna shamba ambalo hakuna kituo cha utafiti kinachoweza kulishinda kwa umaarufu, nalo ni shamba la shule. Wazazi hulipita kila siku. Chama cha 4K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, kilifufuliwa rasmi mwaka wa 2021, na kilimo kimo katika mtaala wa shule za sekondari msingi. Nimeona shule ambako somo hilo ni mchoro wa jembe ubaoni. Mistari miwili ya Katumani kando ya mistari miwili ya mahindi ya Kitale, iliyopandwa siku moja na kupimwa na wanafunzi kila juma, ingemwonyesha shangazi yangu yale ambayo hakuna aliyemwambia.

Mwaka uliofuata nilimpelekea pakiti ya mbegu ya maeneo kame. Aliifungua, akamimina punje kiganjani, akazitazama kwa muda. Akaniuliza iwapo mahindi hayo yakitwangwa yanatoa muthokoi mzuri, na iwapo fukusi huyashambulia upesi ghalani. Nilimwambia nitauliza.