Uvimbe, Uvimbemaji na Matende: Haja ya Kutenganisha Istilahi

Mgonjwa atokaye Chome au Vudee, milimani Upare, ashukapo mjini Same kutafuta tiba, huiacha Chasu nyumbani na kumweleza tabibu shida yake kwa Kiswahili. Mara nyingi neno alilo nalo ni moja tu: "Nimevimba." Neno hilo halina kosa, ila limebebeshwa mzigo mkubwa mno. Kwa neno "uvimbe" twataja jipu, donge la kizazi, mguu uliojaa maji na tumbo la mwenye ugonjwa wa ini. Katika mazungumzo muktadha hutosha. Katika kitabu cha shule au waraka wa afya hautoshi.

Dhana tunayoijadili ni hii: maji kujikusanya kupita kiasi nje ya mishipa ya damu, ama baina ya seli za mwili, ama katika uwazi kama ule wa tumbo. Kwa kawaida maji hupenya kuta za mishipa midogo. Protini iitwayo albumini husaidia kuyazuia yasitoke mengi, na mishipa ya limfu huyarudisha yaliyotoka. Mizani hiyo huharibika kwa njia kuu nne: moyo ukidhoofika, damu ikasongamana, figo zikishindwa kutoa chumvi na maji, albumini ikipungua kwa ugonjwa wa ini au kwa kupotea katika mkojo, na mishipa ya limfu ikiharibika.

Kiswahili hakikukosa maneno. Tunayo "matende", tunayo "unyafuzi" wa watoto wenye utapiamlo mkali, na tunayo "ngirimaji", ambayo wengine huiita busha. Hili la mwisho lina funzo: ngiri ni utumbo uliopenya mahali pasipo pake, na kwa kuongeza "maji" tu tumepata dhana nyingine kamili. Lipo pia "istiska", lakini katika Kiarabu linakotoka lina maana mbili: kujaa maji mwilini, na sala ya kuombea mvua. Katika tambarare kavu za Same, tangazo lenye neno hilo laweza kuwapeleka watu kuswali badala ya kwenda zahanati.

Matende nayo yataka uangalifu. Husababishwa na minyoo midogo inayoharibu mishipa ya limfu, na mbu aina ya anofelesi, waenezao malaria, huweza kuibeba pia. Mbu hao ndio waliopigwa vita kwa dawa ya dieldrini katika Mpango wa Malaria wa Pare-Taveta, katika miaka ya 1950. Basi matende ni jina la ugonjwa wenye chanzo chake; si kila mguu uliovimba ni matende.

Utambuzi huanza kwa kidole gumba. Tabibu hubonyeza muundi kwa sekunde kadhaa. Kishimo kikibaki, ni dalili ya maji. Matende ya siku nyingi huifanya ngozi kuwa ngumu, wala haibonyei. Miguu yote miwili ikivimba, hushukiwa moyo, figo au ini. Ukivimba mmoja, hushukiwa limfu au damu iliyoganda katika mshipa. Mkojo hupimwa protini, na mjamzito hupimwa pia shinikizo la damu.

Tiba hufuata chanzo. Mgonjwa wa moyo au figo hupunguziwa chumvi na huweza kupewa dawa ya kukojoza, kama furosemaidi. Maji ya tumbo huweza kutolewa kwa sindano. Ngirimaji hupasuliwa. Mguu wa matende huoshwa kwa sabuni, hukaushwa vema, huinuliwa na kufanyishwa mazoezi. Lakini mtoto mwenye unyafuzi hupewa maziwa maalumu kwa kiasi na hutibiwa maambukizo. Dawa ya kukojoza hapewi kwa ajili ya uvimbe huo, kwa maana yaweza kumwua. Mfasiri aandikaye "mwenye uvimbe apewe dawa ya kukojoza" amemtia hatarini mtoto ambaye hatamwona kamwe.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo. "Uvimbe" libaki jina la jumla. "Donge" litumike kwa kitu kigumu kilichoota. "Uvimbemaji" litumike kwa maji yaliyojikusanya baina ya seli, likifuatwa na chanzo chake: uvimbemaji wa moyo, uvimbemaji wa figo. "Maji ya tumbo" yasemwe hivyo hivyo. Matende, ngirimaji na unyafuzi yabaki majina ya magonjwa, yasigeuzwe kuwa majina ya dalili.

Twawaomba walimu na watumishi wa afya wayajaribu maneno haya kwa wasemaji wa milimani na wa tambarare, kisha watuletee maoni yao. Istilahi isiyoeleweka na mgonjwa haijamaliza kazi yake.