Manjano ya Shemeji

Wapo wanaume wanaoonyesha mapenzi kwa maua na kadi. Shemeji yangu wa Ngulyati, kule Bariadi, alionyesha kwa sufuria ya manjano.

Dada yangu ana saratani ya shingo ya kizazi, ile inayoongoza kwa kinamama wa Tanzania, na alikuwa anajiandaa kwenda kupigwa mionzi Bugando, Mwanza. Shemeji kasikia gulioni kwamba manjano "yanaipa mionzi nguvu". Basi kila jioni vijiko vitatu, na juu yake mizizi ya mganga isiyojulikana hata jina. Dada anameza macho yamemtoka. "Nikikataa ataona nimemkataa yeye," aliniambia pembeni.

Sasa usicheke. Shemeji hakudanganywa moja kwa moja. Mionzi huua seli ya saratani kwa kukatakata vinasaba vyake, nayo seli hujaribu kujiunga upya. Maabara, seli zikilowekwa kwenye kurkumini, ile inayoyapa manjano rangi, kujiunga huko huwa kugumu na nyingi zaidi hufa. Lakini tumbo siyo maabara jamani! Ukiimeza, sehemu kubwa inatoka kama ilivyoingia, kidogo mno ndiyo hufika kwenye damu. Marekani mwaka 2013 ilitoka taarifa ya wagonjwa 30 wa saratani ya matiti waliokuwa kwenye mionzi. Waliopewa gramu 6 za kurkumini kwa siku ngozi yao iliungua kidogo kuliko wenzao. Hilo ni la ngozi, siyo la kuua uvimbe.

Mitishamba siidharau. Vinkristini, dawa ya saratani ya damu, inatokana na ua la Madagaska. Ila hiyo imepimwa, dozi inajulikana. Kilichonitisha mimi ni mizizi. Pamoja na mionzi, dada alikuwa apewe sisiplatini kila wiki, dawa ambayo kweli huzidisha makali ya mionzi, na inaelemea figo. Ukiongeza mzizi usioujua, figo zikigoma, matibabu yanasimama.

"Shemeji," nikamwambia, "uubebe huo mzizi ukamwonyeshe daktari."

Alinuna siku mbili. Ya tatu akautia kwenye mfuko wa rambo, wakapanda basi. Daktari hakumfokea: manjano ya kwenye mchuzi ruksa, mzizi uwekwe kando.

Shemeji karudi kuangalia ng'ombe, ila kila jioni anapiga simu Mwanza.

"Leo ya ngapi?"

"Ya 17, baba. Bado 8."